Picha Tuliyoezekea Nyumba

Jumamosi. Mvua imepiga asubuhi nzima, na sasa jua limetoka, barabara za mtaa wetu wa Mbunya zinafuka mvuke. Nimekaa nyuma ya ukumbi wa maonyesho, viatu nimevua, miguu inawaka. Ndani watu bado wanaongea. Nimeiba dakika chache niandike kabla sijasahau namna inavyojisikia.

Nimepumua. Siku tano nilikuwa sipumui.

Mnaonisoma mnajua kwamba nafundisha kuchora katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, na kwamba tangu mwaka jana nasaidia kuandaa maonyesho ya kazi zote za Mualimu Tullio. Kwa wasiomjua: ni mchoraji Muitalia, sasa ni muzee, aliyefundisha miaka mingi kwetu Fataki. Hachori watu. Anachora majengo: matao, ngazi, kuta ndefu zenye kivuli upande mmoja. Nyumba za mji aliozaliwa alizichanganya na tanuru zetu za matofali, mpaka ukitazama hujui uko wapi. Alipougua akarudi kwao, picha zake zilibaki kwa watu, katika parokia, kwa wanafunzi wake wa zamani. Tumezikusanya moja moja.

Iliyo kubwa kuliko zote alimwachia mama yangu, ambaye alikuwa akimfanyia usafi. Ni turubai lenye urefu wa mita nne. Alimwomba amtunzie.

Mwaka jana Mualimu aliniandikia: lile turubai liko? Nikamjibu: liko, mama amelitunza vizuri.

Ulikuwa uongo. Au nusu ya uongo, ambayo nadhani ni mbaya zaidi.

Ukweli ni huu. Siku tuliyokimbia vita kule Fataki, mama alilitoa kwenye mbao zake, akalikunja, akalitia kichwani pamoja na sufuria. Tulipofika kambini hapa Bunia, bashi za plastiki za kuezekea zilikuwa hazitoshi na masika yalikuwa yameanza. Mama alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akalitandika juu ya miti, akapigilia misumari, upande wa rangi ukitazama ndani ili usinyeshewe. Tuliishi chini yake miaka minne. Moshi wa jiko ulimeza anga la picha. Mimi nilikuwa nalala chali nahesabu madirisha.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Shuleni hakuna anayejua kwamba nilikulia kambini. Wakiniuliza nimetoka wapi, nasema Fataki, kisha naanza habari nyingine.

Kwa hiyo si picha tu niliyokuwa naificha.

Mualimu alifika Jumatatu, mwembamba, na fimbo yake, akaomba ukuta wa mwisho uachwe wazi kwa ajili ya turubai lile. Nikamwambia fremu haijaisha. Jumatano nikamwambia seremala anaumwa. Seremala alikuwa nyuma yangu, anapiga randa. Jana Mualimu aliupima ukuta mwenyewe, akatia alama mbili za penseli, akavuta kiti, akakaa kuutazama ukuta mtupu kama mtu anayemngojea mgeni. Nikashindwa kula.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mama. Naungama: nilikwenda ili anisaidie kutunga uongo wa mwisho, tuseme kwamba liliibwa. Mama alikuwa anachambua mboga za lenga-lenga. Hakuinua kichwa.

"Hii haya ni ya weye," alisema. "Mimi sikuiba kitu. Niliezeka nyumba."

Akanawa mikono, akalivuta turubai kutoka chini ya kitanda, akaniambia nitafute pikipiki. Mvua ilitupata njiani. Mama akavua kitenge chake akalifunika turubai, akalowa yeye.

Ukumbini tulilikunjua sakafuni mbele ya Mualimu. Nilimwambia yote, haraka haraka, macho yangu kwenye viatu vyake. Ngazi zilikuwa zimebaki. Anga lote lilikuwa jeusi, pembeni matundu ya misumari, na katikati mfereji mweupe mahali maji yalipokuwa yakipita. Mualimu alipiga magoti kwa taabu, seremala amemshika mkono. Akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha jingine.

Halafu akamuuliza mama, kwa Kiswahili chake cha Fataki:

"Mama, ilikuwa inavuja?"

"Mwaka wa kwanza hapana, Mualimu. Kisha pale kwa dirisha ya juu maji ikaanza kuingia. Nikaipaka mushumaa."

"Na upepo?"

"Upepo haikuiweza."

Muzee alicheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho, na sijui kama kilikuwa kicheko peke yake.

"Nimechora nyumba maisha yangu yote," alisema, "na hakuna mutu aliingia hata moja. Hii tu ndiyo ilikuwa na watu ndani. Musiisafishe."

Fremu hakuitaka. Akaagiza turubai lipigiliwe ukutani kupitia matundu yale yale ya mama. Kazi ya seremala ya wiki nzima ikaenda bure, na mpaka sasa amenuna. Nitampoza kesho.

Mlango ulifunguliwa saa tisa. Mama, aliyekuwa amevaa kitenge cha kuazima, alisimama mbele ya turubai akawa anawaeleza wageni bila kuombwa: hapa kulikuwa jiko, hapa tulitundika nguo, hapa chini ya ngazi ndipo nilimuzaa mutoto wangu wa mwisho. Watu walijaa upande ule. Picha alizokuja nazo Mualimu kutoka Italia, safi, zikabaki na mlinzi.

Wanafunzi wangu walikuja na sare zao. Mmoja, Grâce, msichana asiyesema darasani, alinivuta kando.

"Madame, ule mama ni nani?"

Nilihisi maneno ya zamani yakipanda kooni, yale ya kubadilisha habari. Nikayameza.

"Ni mama yangu. Na ile ni nyumba yetu."

Grâce aliitazama picha muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Hata siye tuko kambini, Madame. Mpaka leo." Akaongeza, taratibu: "Sijawahi kuambia mutu."

Nilimshika mkono. Tulisimama hivyo, sikumbuki tulisema nini tena.

Jumatatu saa ya kwanza nina darasa lao. Nitawaambia wachore nyumba wanamolala, jinsi ilivyo, bila kuipamba. Atakayeona haya asinionyeshe. Lakini ya kwanza itakuwa yangu, nitaichora ubaoni kwa chaki, mbele yao wote.