Mume Wangu Katupa Kichogo, Gemu Yangu Imebadilika Rangi

Dada mshauri, nisaidie kabla sijavunja kitu humu ndani. Kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari gereji, mwaka wa kumi na tano huu, gari likija limekwaruzwa mlango nalipatia rangi yake ileile hata mwenyewe asijue palipoguswa, na nyumbani nina mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti, aliyoninunulia baba nikiwa darasa la tano, jioni nikitoka kazini nanuka thina ya kuyeyushia rangi najipumzisha nayo nusu saa kwenye televisheni yetu ya kichogo, ile nene ya zamani yenye mgongo, basi wiki tatu zilizopita narudi nakuta kichogo hakipo, mume wangu kampa mtu wa vyuma chakavu, ukutani kaning'iniza libapa la inchi hamsini, meno yote nje, eti kaniandalia zawadi.

Nikawasha gemu. Dada, anga limekuwa buluu ya sabuni ya unga, nyasi zinaumiza macho, na shujaa wangu mwembamba kavimba mashavu. Nikamwambia mume wangu rangi hizi sizo, akanijibu, "Mke wangu, rangi ni rangi, wewe cheza." Aniambie hivyo mimi ninayekula kwa rangi? Nikachukua jalada la kaseti, ambalo miaka yote nimelisimamisha dirishani kama pambo, nikaliweka kando ya kioo cha televisheni, nikashika rimoti, siku tatu napunguza hiki naongeza kile mpaka zikalingana, lakini gemu ikabaki imepooza, na mama mkwe, tunayeishi naye, akitazama taarifa ya habari anauliza mtangazaji anaumwa nini mbona kawa kijivu. Mume wangu akasema nimeharibu televisheni. Hapo nikapandisha, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba ni kipofu mwenye macho na hajawahi kuchagua kitu kizuri maishani mwake. Tangu siku hiyo anakula kwa dada yake, analala sebuleni, na hasemi nami. Nani mwenye kosa?

Mchanganya Rangi

JIBU

Mchanganya Rangi, mna makosa wote wawili, ila aliyeandika ni wewe.

Mumeo kakosea. Kitu cha mtu hakitupwi bila kumuuliza, hata kama kina kichogo. Na watengenezaji wa televisheni nao wananichefua: wanazikoleza rangi ili ziwake dukani, mnazipeleka nyumbani na ukali uleule, na hakuna anayewaambia.

Lakini nikuulize kama fundi. Gari lililokaa juani miaka ishirini, sampuli ya rangi unaichukua juu ya boneti au ndani ya kifuniko cha tangi? Sasa jalada lililopauka kwa jua la dirishani tangu hujaolewa ndilo umelifanya kipimo. Mwanafunzi wako akifanya hivyo gereji ungemtimua. Kweli mganga hajigangi.

Nimemuuliza fundi televisheni ninayemwamini. Rudisha kwanza mipangilio yote ya kiwandani. Kisha gemu ikiwa inacheza, chagua picha ya sinema badala ya ile kali, weka rangi ya joto, zima kila kinachojirekebisha chenyewe, na umbo la picha liwe nne kwa tatu, shujaa wako atapungua mashavu. Televisheni nyingi hukumbuka mipangilio ya kila tundu la kuchomekea waya peke yake, kwa hiyo mtangazaji wa mkweo atapona. Ukimaliza, weka rimoti chini. Usitafute rangi moja ya kweli, kwani vichogo navyo kila kimoja kilikuwa na lake, hiki kinavuta wekundu, kile ukijani. Wewe ulizoea cha kwenu, na kimeondoka, na una haki ya kukasirika.

Haki ya kumvunjia mtu heshima mbele ya mama yake huna. Ulimi hauna mfupa, lakini wako umemtoa mumeo mezani kwake. Unasema hajawahi kuchagua kitu kizuri, na wewe ni nani aliyekuchagua? Leo akirudi mwombe radhi, tena si chumbani kwa kunong'ona. Mwombe palepale ulipomtukania, mama yake akiwa amekaa anasikia.