Mama Mkwe Alikuja na Kuku Kunirudisha, Kumbe Lilikuwa Tangazo la Igizo Letu

Kwa hivyo ile siku uliponijibu, Mama Benter, ukaniambia niache kumwogopa mama wa mchumba wangu kabla sijamjua, nilikata kipande hicho cha gazeti nikakibandika ndani ya mlango wa kabati, na sasa nakuandikia tena nikiwa mke wa mtu, tena mke mwenye furaha mpaka naona haya, kwa sababu Nyakundi wangu akienda kuchuna chai mimi husimama dirishani nikimtazama hadi kikapu kinapotea kati ya michai, na akirudi huanza kuniimbia kabla hata hajanawa mikono. Niliahidi kukueleza mambo yatakavyokwenda. Yamekwenda vizuri mno, ila kuna jambo moja limenikaa kooni, na naomba unisaidie kulitoa kabla halijaniaibisha.

Bwanangu ametunga igizo la nyimbo linaloitwa Kwamboka Amerudi. Ni hadithi ya msichana aliyeolewa, akakosana na bwana, akarudi kwa baba yake, na wazee wa pande zote mbili wakaanza kubishana kama ng'ombe wa mahari warudi walikotoka au wabaki. Tuliliigiza Nyamache siku ya soko na ukumbi ukajaa mpaka watu wakachungulia madirishani, na mlangoni tukaomba kila anayetaka habari za onyesho lijalo atuachie namba ya simu, wakaacha wengi sana. Mama mkwe wangu, Mama Persis, hakuja kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Yeye anajua tu kwamba mwanawe anafundisha vijana nyimbo.

Sasa onyesho lijalo ni hapa kwetu Ikonge, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Nyakundi akanipa mimi kazi ya kuwaita mashabiki kwa simu, maana kabla ya kuolewa nilikuwa nauza katika duka la simu mjini Kisii na yeye anaamini hakuna jambo la simu linaloweza kunishinda. Tulipanga tukiwa tunakula kutoka sahani moja. Nikamwambia tusitume tangazo la njooni njooni kama la mnada, bali Kwamboka mwenyewe ndiye awaandikie mashabiki kama rafiki yao, meseji ya kwanza aseme shida yake na kuwauliza maoni, ya pili awaambie wenzao wamejibu nini, na ya tatu awaalike ukumbini waje waone mwisho wake. Nyakundi akanitazama vile alivyonitazama siku ya harusi akasema, "Bonareri, wewe Mungu alikuumba ukiwa na chaji." Mama Benter, nilishindwa kumaliza ugali.

Ombok, rafiki yetu anayetupigia gita, kijana wa kule ziwani, ndiye aliyesema jina la igizo tusiliandike kwanza. "Shemeji, ukiwaambia ni mchezo wataifuta," akasema. "Waache washtuke kidogo." Tukaona ni wazo zuri. Na ili watu wawe wengi zaidi nikaongeza namba za jamaa zetu, wa kwake na wa kwangu, hata wale ambao hawajawahi kuliona igizo, na kwa kuwa laini ya kikundi ilikuwa bado haijasajiliwa nikatuma kwa laini yangu mwenyewe, hii ambayo kila mtu ameiandika Bonareri. Meseji ilisema hivi: "Nimechoka. Nimefunga nguo zangu nimerudi kwa baba. Mnaonaje, ng'ombe warudishwe? Jibu 1 kama ndiyo, 2 kama hapana."

Na siku hiyo, niamini au usiniamini, nilikuwa nyumbani kwa baba yangu kule Ekerenyo. Nilikuwa nimeenda kumsaidia mama, aliyekuwa ameungua mkono.

Simu ilianza kulia haikunyamaza. Mzee mmoja wa Nyamache nisiyemjua alijibu, "2. Lakini huyo bwana aje na sukari." Nilikuwa bado nacheka niliposikia viatu, na huyo baba yangu, Mzee Angwenyi, anatoka mgombani mbio na simu mkononi, hakuniuliza kama nimepigwa wala kama nimekula, akaniuliza, "Yule mtamba wa mahari ameshazaa. Ndama naye anarudi?" Nikaanza kumweleza kwamba ni igizo, na kabla sijafika katikati pikipiki ikaingia uani.

Alikuwa Mama Persis. Alishuka akishika goti kwa mkono mmoja na kuku kwa mkono mwingine, bado amejifunga leso ya jikoni. Unajua desturi yetu, mama wa bwana haingii boma la wakwe bila kualikwa, wanaotumwa kusema ni wanaume, na hata wao hupanga siku. Yeye hakumngoja mtu. Aliletewa kiti hakukikalia.

"Mzee Angwenyi," akasema, "sikuja kwa habari ya ng'ombe. Ng'ombe ni wako, hata ukiwachinja leo. Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Baba akadhani anamtafuta Nyakundi. "Mwanao hayuko hapa, mama."

"Huyo hajapotea. Namtaka huyu." Akanishika mkono. "Kama Nyakundi amekukosea, yeye ndiye atakayetoka kwenye ile nyumba, wewe ubaki. Mimi nilimzaa, namjua. Anaweza kulala hata na mbuzi."

Mama Benter, nilifungua kinywa nimwambie ukweli, nikatoa kilio. Mama yangu akapokea yule kuku, akanisogelea, akaniambia kwa Kigusii kwa sauti ya chini kwamba nisithubutu kumwaibisha mgeni aliyefika hivyo. Basi nikapanda pikipiki nyuma ya mama mkwe wangu, nimeegemea mgongo wake, nalia kwa furaha njia nzima, na yeye akidhani ni uchungu ananipapasa goti.

Jioni Nyakundi aliporudi kutoka mazoezini alikaripiwa hadi sufuria zikanyamaza. Mimi nilimkonyeza, akanielewa, akainamisha kichwa akasema, "Nimekosa, Mama. Sitarudia." Alibeba kosa ambalo hakulifanya, kwa ajili yangu! Nilimpenda upya kabisa. Ila Sabato iliyofuata Mama Persis alisimama kanisani, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa kumrudishia binti yake, na akina mama wakaja kwetu na ndizi na uji wa wimbi, wakaniimbia.

Sasa ndio shida. Mashabiki wanapiga simu kila saa wanauliza nimeamua nini, na Ombok anataka meseji ya pili iende wiki hii, anasema moto ukizima hatutauwasha tena. Na Mama Persis amepata nafuu ya magoti, amewaambia wenzake wa kanisa wote waje ukumbini kusikia nyimbo za mwanawe. Watakaa pamoja. Pazia likifunguliwa, maneno ya kwanza ya Kwamboka ni yale yale ya meseji. Nyakundi anasema tubadilishe maneno na tunyamaze, kwa nini tuharibu furaha yake. Mimi sijui. Nimemaliza miezi nikijiuliza kama yule mama atanipenda, na sasa nimejua, na sitaki auondoe ule mkono. Nifanye nini?

Bonareri, mke wa Nyakundi, Ikonge

MAMA BENTER ANAJIBU

Bonareri mwanangu,

Hongera kwa ndoa, na unisamehe, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, nawe acha kulia, tuzungumze.

Una bahati ambayo hujaijua ukubwa wake. Kuna wanawake wanaoniandikia wakiwa na wajukuu na hawajui bado kama mama wa bwana aliwahi kuwapenda. Wewe umejua hata zawadi za harusi hujamaliza kuzifungua. Meseji ilikuwa mchezo, lakini safari ya yule mama haikuwa mchezo, na hakuna ukweli utakaoifuta. Hilo shusha pumzi kabisa.

Kinachoharibu ni kunyamaza. Nyakundi kukubali kosa asilolifanya wewe umeliita mapenzi. Mimi naona mama mtu mzima ameachwa aamini kwamba alilea mtoto mkorofi, akalala na uchungu huo, ili nyinyi wawili mkonyezane. Na mkibadilisha maneno jukwaani, mtafanya nini na wale mashabiki wote waliopata meseji? Mmoja wao atayasema kwa sauti, akina mama wa kanisa watageuka wamtazame Mama Persis, na kicheko cha ukumbi mzima kitamwangukia yeye. Wewe unaogopa kupoteza mkono wake. Yeye anaweza kupoteza uso wake mbele ya watu anaoomba nao. Hebu pima.

Kwa hivyo mwambie, kabla ya Sabato hii. Usimwandikie, simu imefanya kazi ya kutosha. Nendeni wawili jikoni kwake, bwanako aanze kusema kwa sababu ni mama yake, kisha wewe umsomee ile meseji neno kwa neno. Usianze na habari za mapenzi. Anza na kosa: mlimtumia mtu ambaye hakuomba, kwa jina lako, bila kusema ni igizo. Akikasirika, mwache akasirike, msikimbilie kumchekesha. Akitaka kuwaeleza wenzake wa kanisa, maneno ayachague yeye. Halafu panda uende Ekerenyo ukamalizie kumweleza baba yako, maana naona ulimwachia katikati, na sijui yule ndama sasa yuko boma gani.

Kuhusu kampeni yenu, siikatai. Ni wazo zuri, na wewe kweli una chaji. Lakini meseji ya pili isitoke kabla Mama Persis hajajua. Sajilini laini ya kikundi. Andikeni Igizo la Kwamboka mwanzoni kabisa, si mwishoni, watu watajibu tu, mtu hujibu hadithi nzuri hata akijua ni hadithi. Toeni namba zote ambazo wenyewe hawakuziacha mlangoni, mkianza na za jamaa. Asiyetaka aambiwe jinsi ya kujitoa. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jua linapotua, kaeni kimya, ni Sabato. Mambo ya mishtuko liachieni jukwaa, kwa sababu huku kwetu simu ikisema mtu ana shida, kuna mtu anatafuta pikipiki. Na Ombok apige gita.

Neno la mwisho kwa mtunzi. Asimwingize mama mwenye kuku kwenye igizo bila kumwomba ruhusa. Najua ameshafikiria.

Jibu hili nakutumia kwanza wewe, gazetini halitoki. Majina naweza kubadilisha, lakini kisa hiki hakifichiki, na gazeti likifika Ikonge kuna atakayemsomea Mama Persis. Nitalichapa siku utakayoniambia umemaliza.

SIKU NNE BAADAYE

Msomaji, ukiona barua hii imechapwa, ujue amemaliza. Bonareri alinipigia Ijumaa mchana akiongea haraka mpaka nikamwomba akae chini. Walimkuta Mama Persis akipepeta wimbi. Nyakundi alisema, kisha Bonareri akasoma meseji, na mama akaendelea kupepeta hata hawakujua kama amesikia. Mwishowe akauliza.

"Kwa hivyo hukuwa umetoroka?"

"Hapana, Mama."

"Hata kufikiria hukufikiria?"

"Hata siku moja, Mama."

"Basi nilichoshukuru ni kweli, uko nyumbani." Akaweka ungo chini, akamgeukia mwanawe. "Wewe sasa ndio umekosa. Ulinitazama machoni ukanidanganya ili nikugombeze bure. Utachota maji yangu mpaka mwezi ujao, na mkeo asikusaidie."

Sabato aliwaeleza wenzake mwenyewe, na Bonareri anasema alielezea vizuri kuliko igizo, hata kanisa likacheka pamoja naye. Mama huyo ndiye aliyeruhusu majina yachapwe, lake lisomeke wazi. Meseji ya pili imetoka kwa laini mpya, jina la igizo likiwa mbele, na majibu yamekuwa mengi kuliko ya kwanza.

Lakini Mama Persis ana swali ambalo mtunzi ameshindwa kulijibu. Amesomewa igizo lote, akauliza, "Huyu Kwamboka hana mama mkwe? Wanaume wanabishana hadithi nzima, yule mama yuko wapi?" Nyakundi amerudi mezani kuandika, baada ya kuchota maji.

Bonareri, usinitafutie kiti cha wageni wa heshima. Nitakuja Ikonge Jumapili hiyo, kabla mwezi haujaisha, na nitakaa na Mama Persis, tuone kama mwanawe amepata jibu.