Fundo la Shemeji

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo tu, na paka amezaa kabatini. Mumeo amenikataza nisikwambie, lakini Jumatatu alifunga fundo haraka juu ya mti, na tawi tulilokuwa tunalishusha kwa kamba likachomoka. Lilinikosa bega. Tangu hapo hatulii: anafunga kamba kwenye mguu wa meza, anaivuta, anaifungua, anaanza upya.

Nikamwambia, "Shemeji, limekaza hilo. Twende kazini."

"Nenda wewe. Iko siku fundo langu litakuua."

Leo nimemlazimisha anifunge yeye kamba ya kupandia. Nikapanda, nikajiachia, fundo likashika. Nilipotazama chini, alikuwa ameukumbatia mti analia.

Njoo, dada.

Mdogo wako