Miyombo ya Kisimani

Mpitimbi, Songea
19 Mei 1996

Kaka yangu Kajetani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Makambako, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama hatoki nje kwa sababu ya miguu, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja, na kila asubuhi anauliza kwa nini huandiki mara kwa mara.

Uliuliza habari za tumbaku. Tangu makampuni yaje kushindana na ushirika, kila mtu amejenga bani la kukaushia, hata mimi niliyeachika. Wakala wa kampuni moja alinipa fomu nikaweka sahihi kwamba nimepanda miti mia mbili ya kuni. Miche yenyewe ililetwa mwaka jana mvua zikiishia, ikakauka ikiwa bado kwenye vifuko. Kwenye daftari lake imesimama hadi leo. Sasa milima yote hii inageuka moshi, na kuni tunazifuata mwendo wa nusu siku.

Kubwa zaidi ni kisima chetu cha bondeni. Mwezi wa tatu, wakati wa jubilei ya parokia, kijiji kizima kilikwenda huko kwa siku mbili. Waliporudi walikuta ile miti miwili ya miyombo iliyoshika ukingo imekatwa. Wiki iliyofuata mvua kubwa ikaporomosha udongo wote kisimani. Tangu hapo tunateka kwenye mto wa mbali, maji yenye tope, na watoto wanaharisha.

Waliobaki kijijini siku zile walikuwa wenye tumbaku banini, Mama, na Halima, yule jirani mfinyanzi aliyetoka Nakapanya, ambaye ni Mwislamu. Mwenyekiti Wendelini alisema mkutanoni kwamba mwenye moto banini haendi popote, kwa maana ukizimika majani yanaoza, hivyo sisi tusihesabiwe. Akasema Halima huchoma vyungu, na vyungu vinataka kuni. Halima alijibu kwamba yeye huchomea maganda ya mahindi na mavi ya ng'ombe. Hakuna aliyemsikiliza. Ameambiwa ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, kwa hiyo muhtasari niliuandika mimi.

Kaka, miyombo ile niliikata mimi. Kuni zangu ziliisha siku ya tatu ya kukausha, watu wakiwa jubilei, bani limejaa, na mvua ilikuwa imelowesha pori lote. Nilishindilia visiki vya mwisho motoni usizimike, nikashuka bondeni na shoka la marehemu Baba. Nilijua ni miti ya kisima. Nilijiambia ni miwili tu. Tumbaku ilikauka vizuri, ikapata daraja la kwanza, na tangu siku hiyo nimekuwa na aibu isiyoniacha nile.

Na maji anayokunywa Mama, Halima ndiye anayeyaleta. Kila alfajiri anakwenda mtoni na ndoo mbili, moja ya kwake, moja ya Mama, kwa sababu anajua mimi niko banini. Hata baada ya mkutano ule hajaacha.

Leo mchana alikuja kuniomba nimwandikie barua kwa kaka yake Nakapanya, maana yeye hajui kuandika. Alitaka niseme kwamba anarudi nyumbani, na kwamba hakuikata miti ile, ndugu zake wasije wakamwonea haya. Niliandika yote kama alivyosema. Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu.

Barua yake ninayo hapa, sijaipeleka posta. Jumapili ijayo baada ya misa nitasimama niseme. Wakinifukuza mimi, nakuomba uje umchukue Mama. Ukiona wiki tatu zimepita na hakuna habari, ujue nimeshindwa. Basi mwandikie Mwenyekiti wewe, na barua hii uiambatishe.

Wasalimie wote hapo. Mama anakusalimu sana. Anasema maji ya siku hizi yana ladha ya udongo, na ananiuliza nani ametuharibia kisima.

Ni mimi dada yako,
Emerensiana