Maotea ya Nyuma ya Jikoni

Mama yangu mpendwa,

Kifua kimekuachilia? Mimi ni mzima hapa Uingereza, ila baridi inanitafuna masikio. Natumaini mahindi ya Endebess yameshakauka na kuingia ghalani.

Mama, nina jambo la kukiri. Huku ngano hupandwa kabla ya baridi. Mwaka juzi mzee mwenye shamba alinituma niondoe maotea yote kando ya ua, ile ngano iliyojiotea kutokana na punje za mavuno. Mkono ulikataa. Nilikusikia ukisema, "Chakula haing'olewi bana, si ni Mungu amepanda?" Nikaacha ukanda mzima, nikamwambia mzee nimemaliza.

Kumbe maotea yalikuwa na virusi, na vidukari tele, wale wadudu wadogo wanaojaa chini ya majani ya sukuma wiki. Wakafyonza mimea ile migonjwa, kisha wakahamia ngano changa na kuiambukiza. Baridi ilipoisha, upande wa ua ulikuwa wa njano, umedumaa. Niliona aibu. Nikamwendea mzee na kumwambia ukweli, nikijua huenda nikafukuzwa.

Aling'oa shina moja akalitazama. "Mwaka huu ukanda huu ni wako," akasema. "Usafishe, na usipande mpaka nikwambie."

Nilisafisha. Kungoja ndiko kulikonishinda, maana kwetu anayechelewa kupanda huitwa mvivu. Alitaka hali ya hewa ipoe, vidukari wapungue, ndipo akaniambia nipande. Sasa baridi inaisha, na ukanda wangu ni kijani mpaka mwisho. Huupitia kila asubuhi hata bila kazi.

Mahindi yetu yalipogeuka njano kabla sijaja huku, ulisema ni jicho la watu. Afisa wa kilimo alisema ni virusi vinavyoenezwa na wadudu, tukamcheka. Mama, alisema kweli. Yale maotea ya mahindi unayoniachia nyuma ya jikoni, ili nikija nipate ya kuchoma, yang'oe kabla ya mvua. Najua ni upendo. Ng'oa hata hivyo.

Nisalimie Baba, na bibi yetu, Kukhu, kule Bungoma. Dada Nekesa mwambie asinifichie maotea mengine nyuma ya choo, namjua.

Nikija nitachoma ya shambani, na mwaka huu yatakuwepo.

Mwanao,
Wafula