Bado Kona Moja Tu

Baba Nakijwa,

Nisikilize vizuri, maana leo sikuja kulia. Nimelia vya kutosha, na mama yako ni shahidi. Leo nimekuja kugombana na wewe.

Naandika nimekaa juu ya rundo la mawe yako, makande yako motoni mbele yangu, na kila nikiinua macho naiona hiyo zahanati. Uliliambia baraza, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba itakwisha kabla ya mvua za vuli. Hukusema vuli ya mwaka gani! Sasa wewe umelala zako kule chini ya migomba, hakuna anayekubishia hodi. Hodi zote ni kwangu. "Mama Nakijwa, fundi alisema nini kuhusu madirisha?" "Mama Nakijwa, mumeo alituambia mawe yanatosha." Kama vile niliolewa na mawe.

Najua, marehemu hasemwi. Lakini mimi sikusemi kwa watu. Nakuambia wewe mwenyewe.

Unaikumbuka siku uliyonileta huku? Mimi binti wa Ndungu, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, miguu yangu inajua tope na tambarare tu. Lori likatushusha Same juani, nikatazama huku na huku nikakuuliza, kwenu ni wapi? Ukanyoosha kidole kwenye mawingu, ukacheka. Tukaanza kupanda. Nilipochoka nikauliza kama ni mbali bado, ukasema, "Bado kona moja tu." Tukaizunguka kona hiyo, lo, mlima mwingine! Nikauliza tena. "Bado kona moja tu." Bibi harusi mzima, jasho linanitiririka, viatu nimevibeba mkononi, na mwanamume ananidanganya bila hata kupepesa macho. Tulipofika nilikuwa sisemi na wewe. Mama yako akanitazama miguu, akaniletea maji ya moto, akasema, "Alikuambia kona moja, eh? Na baba yake aliniambia hivyo hivyo."

Miaka yote tuliyokaa pamoja nilikutania kwa maneno hayo. Ukisema unakuja kula sasa hivi, nasema, kona ngapi? Nawe unacheka. Ulicheka mpaka ule mwaka wa Nakijwa.

Sitaki kuyaandika haya, lakini nisipoyaandika hakuna atakayejua mawe yote haya yalianzia wapi. Uchungu ulimshika mwanetu mapema, ukakataa kumwachia. Mkamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wakakibeba mabegani, mkashuka naye kwenda hospitali ya Same. Mimi nyuma na kanga, wewe pembeni umemshika mkono. Alikuwa anauliza, "Baba, bado?" Nawe unamjibu, "Bado kona moja tu, mwanangu." Mtoto akazaliwa njiani, pale kwenye jiwe kubwa. Hakulia. Wale wanaume waliweka kitanda chini wakageuza nyuso zao, na wewe uliendelea kumshika Nakijwa mkono kana kwamba bado mnatembea.

Tangu siku ile sikukusikia tena ukisema neno kona.

Haya. Ukaenda barazani. Mimi nilikuwa nje na wanawake wenzangu, lakini sauti yako unaijua, haihitaji mlango. Ukawaambia tujenge zahanati yetu huku juu, yenye chumba cha kuzalia, ili mwanamke asibebwe tena kushuka mlima. Nyumba ndogo tu, ulisema. Mawe yapo, mchanga uko mtoni, watu wapo, tutapiga pembe ya msaragambo, na bati serikali imekubali kutoa. Gharama yake haizidi harusi ya mtu mmoja. Harusi! Wewe uliyejenga lile ghala la Suji, ukaniacha mwenyewe na kunde na ng'ombe mpaka nikasahau sura yako, ndiye unayesema harusi! Ulipokuwa unavua viatu nikakuuliza, Baba Nakijwa, harusi gani hiyo? Hukunitazama. Ulisema, "Waanze tu. Wakishaanza hawataweza kuacha."

Siri hiyo ukaniachia mimi niibebe. Na ngoja nikuambie ilivyokuwa nzito, kitu kimoja kimoja, maana ulipokuwa hai ulikuwa unaondoka kila nikianza.

Kwanza kiwanja. Watu wa juu walikuwa na uwanja mzuri, tambarare. Watu wa chini nao walikuwa na wao. Hakuna aliyetaka mwenzake aringe, basi ili asinune mtu mkasema ijengwe katikati. Na katikati ya watu wa juu na watu wa chini kuna nini? Kuna mteremko ambao hata mbuzi anaushuka akijiuliza. Ikabidi mjenge kwanza ukuta wa kuzuia udongo, na huo ukuta ukameza mawe kuliko nyumba yenyewe. Wasafiri wanauliza, hii ngome ya nini? Tunaona haya kusema ni ya kuzuia watu wasinuniane.

Halafu hiyo kazi ya bure. Msaragambo ni desturi yetu, sikatai. Pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu, na hakuna anayedai malipo. Lakini mkono mtupu haulambwi, Baba Nakijwa. Watu wanakula! Na hawakuli hivi hivi. Waliookoka hawataki kukaa karibu na dengelua, na wazee wasipokunywa hiyo pombe yao ya miwa wanasema mgongo haufunguki. Basi vyungu viwili, mafiga mara mbili, kuni mara mbili, na wanawake wawili wawili wanaotazamana kwa jicho la pembeni. Kisha mtu ambaye maisha yake hajawahi kupanga jiwe juu ya jiwe anapewa kona ya nyumba aijenge kwa sababu ni mkubwa wa ukoo. Akishaondoka unaupima ukuta wake kwa timazi, unaguna, unaubomoa, unaujenga upya, na kesho yake unamsifu. Udongo na chokaa yote hiyo ilikuwa ya kumlindia mtu heshima.

Na wewe kusema hapana ulikuwa hujui. Mmoja akauliza wagonjwa watasubiri wapi mvua ikinyesha. "Haya," ukasema, kikaja kibaraza. Kibaraza kikataka nguzo, nguzo zikataka msingi, msingi ukafika tena kwenye mteremko. Mwingine kaona misheni madirisha yana duara juu, kwa nini yetu yawe kama ya banda la kuku? "Haya." Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Yetu ilikitoboa.

Bati ndilo lililonimaliza kabisa. Serikali haikusema uongo, bati walileta. Walilishusha stesheni ya Same, wakapiga saluti, wakaenda zao. Na mlima je? Mlima hakuna aliyeuwekea hesabu, kana kwamba bati lina miguu. Wabebaji wakapanda nayo vichwani, na upepo wa kule kwenye kona unaujua. Upepo huo ulimzungusha Elinami, mtoto wa dada yako, kama pia, akaliachia bati lake aokoe roho, likaenda kutua bondeni limejikunja kama jani kavu la mgomba. Na yaliyofika salama hayakutosha, kwa sababu ulipoyaomba hicho kibaraza kilikuwa bado hakijazaliwa kichwani mwa mtu.

Ngoja kidogo, chungu kinafurika.

Nimerudi. Ukaanza kukohoa wakati wa baridi. Nikakuambia lala, ukasema ni vumbi la mawe tu, utapumzika kesho. Kesho ya fundi! Nilijua nisikuamini hata kwa hilo. Tulikuzika kuta zikiwa usawa wa kifua, na watu walioshika majembe kaburini walikuwa na udongo wa zahanati bado kwenye viganja. Nina hasira na wewe. Naamka nayo, nalala nayo. Ningejua pa kukupata ningekushika kola ya shati.

Sasa nikuambie yaliyobadilika. Nakijwa ana mimba tena. Mtoto anategemewa mvua zikianza. Hasemi kitu, mwanao ni wewe mtupu, lakini namwona akipita anashika kiuno na kuitazama ile njia ya kushuka. Mkunga wa misheni ametuma neno kwamba atahamia huku siku atakapopata chumba chenye paa, siyo kabla. Yaani kila kitu kinangoja paa, na mvua haingoji mtu.

Kuta zilipofika juu, watu wakachoka. Juma lililopita tukaitwa barazani. Wengine wakasema, tuiache hivi hivi, tuezeke nyasi, iwe ghala la mahindi. Mwenyekiti akanigeukia mbele ya wote. "Mama Nakijwa, fundi alikuachia neno gani? Imebaki kiasi gani?"

Nikasimama. Baba Nakijwa, nilikuwa nimeapa kwamba uongo wako utazikwa na wewe. Nikawaamkia shikamoo wazee wangu, kisha nikawamwagia yote. Nikasema hii siyo harusi ya mtu mmoja, ni harusi za watoto wenu wote mkizikusanya. Nikawatajia ukuta wa kuzuia udongo, vyungu, kibaraza, duara za madirisha, bati la bondeni. Nikasema msimu ujao tutakuwa bado tuko hapa tunabeba mawe. "Mume wangu alijua," nikasema, "na aliwadanganya." Hapo hapo moyoni nikamwona Nakijwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, anashushwa tena. Nikajua nimemuua mwanangu kwa ukweli wangu.

Mara nikasikia mtu anacheka. Mama yako! Meno hana, anacheka mpaka anajifuta macho.

"Mama Nakijwa," akasema, "hivi wewe ulidhani tulimwamini?"

Akawageukia wanaume. "Nani hapa hajui nyumba ya mawe inakula nini? Nani kati yenu hakumwambia mkewe bado kona moja?" Wanaume wazima, na fimbo zao, wakatazama chini. Mmoja akaanza kucheka, kisha na wa pembeni yake. Na mwenyekiti, unamjua asivyopenda kuonyesha meno, akasema taratibu, "Tungekubali kwamba tunajua, Mama Nakijwa, tungeanzaje?"

Haya, mjanja wangu, umesikia? Ulikwenda kaburini ukidhani umewapiga chenga watu wa juu na watu wa chini, kumbe wao ndio waliokuachia upite. Na mimi mjinga nimekaa na siri yako kifuani kama kaa la moto, kumbe kijiji kizima wanaijua! Nilikasirika, nikacheka, nikalia, vyote pamoja, pale pale barazani. Mama yako akanishika mkono kwa upole ule ule wa siku ya maji ya moto.

Kesho yake pembe ikalia. Walikuja, Baba Nakijwa. Walikuja hata wale wa ghala la mahindi. Safari hii nilisimama mimi kwenye mawe nikasema hapana kwa niaba yako. Kibaraza kingoje. Bati lote tulilo nalo liende kwanza kwenye chumba cha kuzalia. Na chungu ni kimoja, asiyekitaka aje na chake. Walinuna nusu siku, halafu wakala. Hakuna aliyekufa.

Upande wa kulia umeezekwa. Nilidhani nitafurahi, lakini misumari ilipoanza kugonga niliingia jikoni kwangu nikafunga mlango. Mlio ule ni wako.

Jana Nakijwa alikuja kuniletea chumvi. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akaniuliza, "Mama, bado?" Neno lako lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikaling'ata. Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani chini ya bati, nikamwambia, "Ni hapa hapa, mwanangu. Hakuna kona." Akaegemea ukuta wako, akakaa hapo muda mrefu. Ukuta haukutikisika, nakupa haki yako.

Basi nakuahidi. Mwanao hatashuka mlima huu kwa mabega ya watu. Neno limeshakwenda kwa mkunga, ajiandae. Na mvua ikitukuta upande wa kushoto haujaezekwa, iwanyeshee wale waliotaka madirisha ya duara. Mtoto akizaliwa nitamleta migombani umsikie analia, na nitamwacha alie anavyotaka.

Pumzika, fundi wangu. Hasira zangu bado ninazo, sizimalizi leo. Siku yangu ikifika, njoo unisubiri njiani. Nitakuuliza kama bado ni mbali, nawe unajua utakachosema. Sema tu. Nitapanda.

Mkeo,
Mama Nakijwa