Wale Wanawake Walioniambia Ningoje Mlangoni kwa Daktari

Jumatano, Mukuyuni. Ukungu wa milima ya Mbooni umeshuka mpaka kwa soko na tangu saa nne roho yangu haijakaa vizuri.

Mnaonisoma mnanijua. Mutua wa bodaboda, nimekaa Mombasa, nimekaa Nairobi, shule niliachia kidato cha pili lakini hakuna mtu hapa wa kunifunza dunia. Na wanawake wananipenda. Hiyo nimeiandika hapa mara nyingi.

Ushahidi wangu ulikuwa kliniki. Kila mwanamke niliyempeleka kwa daktari wetu alishuka akaniambia, "Usiende. Kaa kwa benchi, hapo karibu na mlango." Wengine waliongeza, "Na uwe ukikohoa kohoa." Nikawa nakohoa kama mbuzi wa kiangazi. Kwa steji ya boda nilijigamba kwamba hawataki kuachana na hii sura.

Mimi ni mjinga.

Leo nilimpeleka Kamene, fundi wa nguo, mtoto wa dada yangu. Koo ilikuwa inamuuma. Aliogopa kuingia, nikamwambia huyu ni mzee wa kanisa, anaomba kabla ya kudunga sindano, ndiye anapima mama yangu presha. Akaniomba ningoje. Nikamcheka, nikaenda kubeba mteja mwingine.

Niliporudi alikuwa amesimama barabarani, sweta ameivaa ndani nje.

"Mjomba, ni koo tu. Ya kuvua nguo ni ya nini? Na mlango kufungwa na ufunguo?"

Yale mengine mkono wa daktari ulifanya siyaandiki. Ni yake kusema, akitaka.

Nikamuuliza kama kuna mwingine anajua. Akaniangalia kama mimi ni mtoto wa nasari.

"Wanawake wote wanajua. Ulifikiria tunawaweka nyinyi wa boda kwa hiyo benchi kwa sababu ya sura? Ni ndio daktari asikie kuna mtu hapo nje."

Nikampandisha boda, nikampeleka kwao.

Saa kumi daktari akanipigia simu. Hajawahi kunipigia. Sauti ya upole, kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Mutua, mama anaendeleaje? Mlete kesho saa tatu, nimuangalie mwenyewe. Na huyo msichana mwambie asichanganye vipimo na mambo mengine. Wewe ni mtu wa mizaha, bwana. Hata ukisema kitu, watacheka tu."

Akakata. Mama alikuwa hapo jikoni akiniuliza ni nani, na mimi nikasema ni mteja.

Kamene anataka twende polisi kule mjini Wote kesho asubuhi, halafu tuandikie wale wanaosimamia madaktari. Anataka niseme kwa mdomo wangu ni wanawake wangapi niliwangojea pale. Nimekubali. Mama nitampeleka hospitali ya serikali, hata kama foleni itafika barabarani.

Lakini daktari amenijua vizuri. Miaka hii yote hakuna mtu hapa amenisikia nikisema jambo moja mpaka mwisho bila kuchekesha. Nitaanzaje kesho, mbele ya askari, Kamene akiwa ameketi kando yangu?